Mtihani wa vitendo wa fizikia kidato cha nne: tuufute au tuuache?

Mwalimu wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha fizikia shule ya kata, huu mwaka wa 11. Mada hii nimekaa nayo muda mrefu, naomba nipigwe kwa hoja, si kwa matusi.

Nasema hivi: mtihani wa vitendo wa fizikia wa kidato cha nne ufutwe. Haupimi vitendo, unapima upishi.

Chukueni penduli. Mtoto anafunga kijiwe kwenye uzi, anaanza na urefu wa mita 1, anakiachia kibembee, anahesabu mibembeo 20 huku anaangalia stopuochi. Anafupisha uzi, anarudia, mara tano au sita. Kisha anachora grafu ya mraba wa muda wa mbembeo mmoja dhidi ya urefu wa uzi, anatafuta mteremko, na kutoka hapo anapata mchapuko wa mvutano wa dunia. Safi kabisa kwenye karatasi.

Tatizo ni kwamba hakuna mtoto asiyejua jibu ni 9.8. Basi anaanzia mwisho anarudi mwanzo. Mteremko lazima uwe kama 4, kwa hiyo penye mita 1 anaandika sekunde 40.1 kwa mibembeo 20, penye nusu mita 28.4, penye robo mita 20.1, halafu anachafuachafua desimali kidogo zisionekane nzuri mno. Kwenye moko iliyopita (mtihani wa majaribio) nilikuwa na watahiniwa 38 na stopuochi mbili, moja betri imekufa katikati ya kipindi. Karatasi zote 38 zilirudi na jedwali kamili! Nukta zimekaa kwenye mstari kama askari wa gwaride.

Mmoja tu ndiye niliyemwona kwa macho yangu akipima kweli, mpaka mwisho. Alipata 10.9. Nikamkata alama za jibu, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha unanitaka nifanye hivyo. Aliyepika kapata zote.

Sasa tunapima nini hapo?

Fundi Maabara

Mwalimu, nakuheshimu, ila hapa umeteleza.

Mnakumbuka 2014? Serikali ilipotaka kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, watendaji wakapita nyumba kwa nyumba kukusanya michango, watu wakatoa kuku, wakatoa matofali. Majengo yakasimama. Mengine yalikaa bila meza wala bomba, yakawa stoo ya mahindi na madawati mabovu. Nimefanya kazi shule mbili, nakwambia kitu kimoja: kinachomfanya mkuu wa shule anunue springi mpya na mita rula ni ile pepa ya vitendo. Mwezi mmoja kabla ya mtihani ndipo naitwa ofisini, naulizwa "Fundi, kinapungua nini?" Miezi mingine 11 hata jina langu hawalijui.

Futeni hiyo pepa muone. Mwaka wa kwanza bajeti ya maabara itahamia kwenye mahafali. Mwaka wa tatu kutakuwa na mtoto wa kidato cha nne ambaye hajawahi kushika themometa. Hata huyo mpishi wako, ili apike vizuri, lazima ajue penduli inafanana vipi.

Chai ya Rangi

38 kwa stopuochi moja na nusu 😂 Hiyo siyo fizikia, huo ni muujiza wa mikate mitano.

Jirani wa Namanga

Hodi wakubwa, naingia kutoka upande wa pili wa mpaka. Sisi Kenya, kwenye KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, tuna karatasi tatu za fizikia. Ya kwanza ni mekanika na joto kwa sehemu kubwa, ya pili mwanga, mawimbi na umeme, kila moja alama 80. Ya tatu ndiyo ya vitendo, saa 2 na nusu, alama 40. Kwa hiyo vitendo ni moja ya tano ya somo zima, si mchezo.

Na huku upishi umepata ndugu yake: ubashiri. Kabla ya mtihani shule hupelekewa orodha ya vifaa vya kuandaa, wenyewe twaiita konfidenshali. Lengo ni mwalimu atayarishe vifaa. Lakini mwalimu mzoefu huisoma kama mganga asomavyo bao. Akiona themometa, stopuochi, bika na maji moto, ashajua ni kupoa kwa maji. Akiona mita rula, kipande cha mbao chenye ncha na mawe ya gramu 100, ni kanuni ya momenti. Wiki hiyo yote wanafunzi wanafanyishwa jaribio hilo hilo mpaka mikono inalifanya yenyewe.

Nimekuwa nikijiuliza kama hilo ni baya kweli. Mtoto aliyepima kupoa kwa maji mara tisa ndani ya wiki, hata kwa wizi, amejifunza kitu. Sijui mnaonaje.

Mwalimu wa Zamu

Jirani, kujifunza sikatai. Nakataa kuita hilo kipimo. Ukimpa mtu majibu ya udereva wiki nzima, siku ya mtihani akapita, mimi sipandi gari lake.

Injinia wa Mitaro

Mleta mada, huyo mtoto wa 10.9 unaye bado? Nadhani umemdhulumu, na nitakuonyesha.

Piga hesabu. Alipokiachia kijiwe alisema "moja". Alitakiwa aseme "sifuri". Kwa hiyo mibembeo anayoiita 20 ni 19. Kila muda aliouandika umepungua kwa sehemu moja ya 20. Ukitia mraba, upungufu unakuwa karibu asilimia 10, na 9.8 inapanda mpaka 10.86. Akizungusha, 10.9. Tena mstari wake ulikuwa umenyooka na unapita kwenye sifuri, au nakosea? Kwa sababu kosa la kuhesabu linapunguza nyakati zote kwa uwiano uleule.

Angekuwa amekosea kupima urefu, tuseme anaishia juu ya kijiwe badala ya katikati yake, mteremko usingebadilika. Mstari ungepanda tu, ukakata mhimili wa wima juu kidogo ya sifuri. Kila kosa lina alama yake ya mguu. Grafu ya mtoto mkweli inasomeka kama njia ya mnyama porini, unajua nani kapita na alikuwa anachechemea mguu upi. Grafu ya mpishi haina kitu cha kusoma.

Kwa hiyo mimi siungi mkono kufuta. Nalaumu mwongozo wa kusahihisha unaotoa alama kwa 9.8.

Mwalimu wa Zamu

Nimetoka kuitafuta karatasi yake kwenye boksi. Mstari unapita kwenye sifuri.

Nipeni muda kidogo.

Bint Usambara

Wakati mwalimu anatafakari, nawakumbusha habari ya nyumbani kwetu Lushoto. 1963, Magamba Sekondari, kijana wa kidato cha tatu anaitwa Erasto Mpemba. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanaingiza kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania. Mpemba akaona akisubiri atakosa, akaingiza yake ya moto. Yake ikaganda mapema kuliko ya mwenzake aliyeweka maziwa yasiyochemshwa.

Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na jibu alilopata kwa mwalimu wa huko ni kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Ikawa utani wa darasa. Kila akikosea kitu, "hiyo ni ya Mpemba".

Hapo hapo Mkwawa akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akanyoosha mkono: vyombo viwili sawa, maji sawa, moja nyuzi 35, jingine nyuzi 100, yote kwenye friza, kwa nini ya 100 yanaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, akaenda kujaribu, na 1969 wote wawili wakachapisha makala kwenye jarida la fizikia. Hadi leo vitabuni inaitwa athari ya Mpemba, na ni jina la Kitanzania.

Lakini kipande ninachokipenda, hasa kwa ajili ya Mzee Fundi hapo juu, ni hiki. Osborne alimpa fundi wa maabara yake kazi ya kupima. Fundi akarudi akasema kweli ya moto yameganda kwanza, ila msijali, tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi.

Sasa niambieni. Mpemba angefanya jaribio lile kwenye mtihani wetu wa vitendo angepata ngapi?

Fundi Maabara

Dada, umenichoma kisu na kukizungusha. Yule fundi mwenzangu namwelewa kabisa. Ukiajiriwa kuandaa majaribio ambayo majibu yake yanajulikana, jibu la tofauti unaliona kama kifaa kibovu. Nami nimewahi kuwaambia wanafunzi "hiyo themometa mbovu, andikeni 100". Kumbe tuko mlimani kidogo, maji yanachemka chini ya 100. Themometa ilikuwa nzima.

Mpinzani Mstaarabu

Tusimfanye Mpemba mtume. 2016 watafiti wawili Uingereza, Burridge na Linden, walirudi kwenye jambo hilo kwa vipimo makini, wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji moto hupoa kufikia sifuri mapema kuliko ya baridi. Na walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita 1 tu juu au chini ndani ya chombo kunatosha kukupa jibu la uongo.

Bint Usambara

Ahsante, umenisaidia hoja! Sentimita 1. Hilo ndilo swali la mtihani ninalolitaka mimi: "Themometa yako uliiweka wapi, na ungeiweka kwingine ingekuwaje?" Kuna mpishi anayeweza kulijibu hilo?

Mswahili wa Pwani

Mnazunguka mbuyu. Darasa la sita mtoto alisoma wenzo, egemeo, jitihadi na mzigo, akaelewa. Kidato cha kwanza maneno yote manne yanafutwa, anapewa mapya ya Kiingereza. Kwenye joto ni balaa zaidi: mtaani tunasema "joto" kwa yote mawili, nishati yenyewe na kiwango kinachosomwa kwenye themometa, na lile neno zuri la halijoto analiacha shule ya msingi kabla halijakomaa. Halafu anaulizwa tofauti ya vitu viwili kwa lugha ambayo hana hata kimoja. Anakariri kwa sababu hana pa kushika.

Chai ya Rangi

Hii ya lugha ikianza hatulali. Fungua uzi wako, mkuu.

Babu Chaki

Nimestaafu, naongea kidogo. Zamani nilikuwa nawapima mawimbi kwa makofi. Simama mita 85 kutoka ukuta mrefu wa shule, piga kofi, sikia mwangwi. Kisha piga makofi mfululizo kila kofi liangukie juu ya mwangwi wa lililotangulia. Mwenzio anahesabu vipindi 20, kuanzia sifuri kama alivyosema injinia. Ikitoka sekunde 10, sauti imekwenda mita 170 kwa nusu sekunde. Gharama yake ni mikono. Sikumbuki mtoto aliyepika, maana wote tulikuwa uwanjani tunasikia.

Mwalimu wa Zamu

Nimerudi. Nabadilisha hoja, sijaiacha yote.

Kosa ni kuwapa watoto jaribio ambalo jibu lake limeandikwa kwenye kitabu. Tuwape ambalo jibu lake halipo popote. Kila mtahiniwa aokote jiwe kwenye ndoo yenye mawe yenye namba. Aweke mita rula kwenye egemeo, jiwe upande huu, gramu 100 upande wa pili, asogeze mpaka itulie, atafute tungamo ya jiwe lake. Jiwe likiwa sentimita 20 kutoka egemeo na gramu 100 zikawa sentimita 32, jiwe ni gramu 160. La jirani yake ni 214. Hakuna wa kumchungulia. Msimamizi ana mizani na orodha ya namba. Na alama nyingi ziende kwenye swali la mwisho: kosa lako kubwa limetoka wapi na umelijuaje.

Mpinzani Mstaarabu

Watahiniwa wa kidato cha nne kwa mwaka wamepita nusu milioni. Hata ukiwatoa wasiochukua fizikia, nani atasahihisha maelezo ya kila jiwe? Na hiyo orodha ya msimamizi itakaa siri mpaka saa ngapi? Shule inayotaka kupasisha itawanong'oneza tu: jiwe namba 7, gramu 214.

Mwalimu wa Zamu

La kunong'ona sina dawa yake. La kusahihisha nimeanza kulijibu, Jumamosi najaribu na kidato cha tatu, watoto 41, nione inanichukua saa ngapi. Yule wa 10.9 nimemwomba aje asimamie stopuochi. Mzee Fundi, kama hauko mbali, njoo.

Fundi Maabara

Nakuja na mizani yangu. Shuleni kwako nilishawahi kufika kukagua vifaa, kwa hiyo nakuonya: mita rula ya pili kutoka dirishani imeliwa na mchwa upande mmoja, haitulii kwenye 50. Usiwaambie.

Mwalimu wa Zamu

Siwaambii.