Tupeane uzoefu: Kutwa nzima ya baiskeli na rafiki kwenye njia ya reli ya zamani, majira ya majani kupukutika

Mkanyaga Pedeli (Pennsylvania)

Wadau wa ughaibuni, habari za huko mliko. Oktoba imeingia na majani yameanza kugeuka rangi. Naomba mliowahi kuendesha baiskeli kutwa nzima kwenye njia hizi zilizokuwa reli mtusimulie: mlipita wapi, mlijipangaje, na mwenzako alikuwa nani. Naanza mimi.

Mwaka jana nilitoka na rafiki yangu tuliyesoma wote Tanga. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, daktari ameshamruhusu kuendesha, ila milima asiiguse. Nikamwambia basi twende Great Allegheny Passage. Njia nzima ni kilomita 240, kutoka Pittsburgh hadi Cumberland kule Maryland. Kipande tulichochagua sisi, Confluence hadi Cumberland, ni kama kilomita 100, na zamani ilikuwa reli ya Western Maryland. Treni ya mizigo haiwezi mwinuko mkali, ndiyo maana wahandisi walitoboa milima na kuvuka mabonde kwa madaraja marefu. Leo anayefaidi kazi yao ni mwenye goti linalouma. Kutoka Confluence unakwenda kilomita 60 na ushei kabla ya kufika kilele, na kwa urefu huo wote unapanda mita zisizofika 350. Huhisi mlima, unahisi tu kwamba baiskeli imekuwa nzito kidogo.

Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote. Kwenye barabara za milimani mwenye nguvu hutangulia, akamsubiri mwenzake juu, na mazungumzo yanakatikia hapo. Huku tulikwenda sambamba asubuhi nzima kando ya mto Casselman, tukaongea mambo ambayo kwa simu hatujawahi kuyagusa: mama yake anayezeeka Muheza, kama arudi au abaki. Mtu akiwa anakanyaga pedeli na macho yako mbele, maneno mazito humtoka kwa wepesi.

Tuliondoka mara kulipopambazuka, na gari moja tulikuwa tumeliacha Cumberland tangu jana yake. Mchana tukala Meyersdale, baada ya kuvuka daraja la Salisbury. Lina urefu wa mita 580, na ukiwa juu unaliona bonde zima, mashamba, na miti imewaka rangi ya manjano na nyekundu mpaka upeo wa macho. Kileleni, mita 729 juu ya bahari, ndipo maji yanapogawana: upande mmoja yanaelekea Ghuba ya Meksiko, upande wa pili Atlantiki. Baada ya hapo unaingia handaki la Big Savage, kama kilomita moja gizani. Lina taa, lakini chukueni zenu, na koti pia, maana baridi ya humo ni nyingine. Majira ya baridi hufungwa kwa milango mikubwa ili barafu isiharibu kuta, kwa hiyo msichelewe mpaka Desemba.

Mbele kidogo unavuka mstari wa Mason na Dixon, mpaka wa Pennsylvania na Maryland, uliopimwa kati ya 1763 na 1767. Baadaye ndio uliokuja kuhesabiwa mpaka kati ya majimbo huru na yale ya utumwa. Tulishuka kwenye baiskeli. Watu wenye ngozi kama zetu waliuvuka usiku, kwa miguu, wakiwindwa. Rafiki yangu aliweka mkono juu ya jiwe la alama na tukakaa kimya hapo muda mrefu.

Kutoka hapo hadi Cumberland ni mteremko mtupu, breki tu.

Bi Kiraka (Wisconsin)

Asante kaka kwa kufungua mada. Mimi na shoga yangu wa Bujumbura huenda Elroy hadi Sparta, kilomita 51. Hii ni miongoni mwa njia za mwanzo kabisa Marekani kutoka reli kuwa ya baiskeli, tangu miaka ya 1960. Ina mahandaki matatu yasiyo na taa, na lile refu linapita kilomita moja. Humo huruhusiwi kuendesha: unashuka, unasukuma, maji yanakudondokea kutoka juu. Tochi ni lazima. Shoga yangu huogopa giza, basi huimba njia nzima na mwangwi unamrudishia sauti. Mimi nampokea kiitikio.

Angalizo moja: majani yakilowa ni utelezi mbaya, hasa kwenye madaraja ya mbao. Punguzeni mwendo kabla ya daraja, msifunge breki mkiwa juu yake.

Mwana wa Ngamiani (Bristol)

Huku Uingereza tuna Bristol hadi Bath, kilomita 21, lami tupu. Kwenda na kurudi inatosha siku ukipumzika vizuri. Pale Bitton treni ya mvuke bado inatembea kando yako, watoto wanapunga mikono. Kumbukeni saa zikirudishwa nyuma mwisho wa Oktoba, saa kumi na moja jioni giza limeshaanza. Taa za mbele na nyuma ziwe na chaji.

Korosho (Mtwara)

Nawasoma kwa wivu mwema. Kwetu kulikuwa na reli ya mradi wa karanga, Mtwara kwenda Nachingwea, ikafungwa miaka ya 1960. Laiti tuta lake lingefanywa njia ya baiskeli! Swali: mtu ambaye hajawahi kuendesha zaidi ya kilomita 30 aanzie wapi hiyo ya Pennsylvania?

Mkanyaga Pedeli (Pennsylvania)

Ndugu Korosho, mtu huyo akija huku aanzie Frostburg ashuke Cumberland, kama kilomita 25, karibu yote mteremko. Asianze Cumberland kwenda juu, upande huo ndio wenye mwinuko mkubwa zaidi wa njia nzima. Abebe mpira wa ndani wa akiba, pampu, na mafuta ya mnyororo, kwa sababu vumbi la chokaa la njia hii likilowa hugandia kwenye gia. Mimi na mwenzangu tunarudi wiki ijayo. Goti limepona, ila tunapita njia ileile.