MREJESHO: Binti yangu kuigiza Marie Curie

Wakuu, niliuliza hapa binti yangu aigizeje Marie Curie, yule mwanasayansi wa mionzi, siku ya sayansi shuleni bila kukariri miaka kama kasuku, basi shoo imeisha, asanteni sana. Aliyesema tuachane na mawigi tutumie daftari katuokoa, maana dogo kaingia na daftari kuukuu akawaambia wenzake msiguse, madaftari yangu mpaka leo yana mionzi, yanatunzwa kwenye maboksi yenye kuta za madini ya risasi, watu wakatoa macho!! Hapo ndo akashusha poloniamu na radiamu, elementi alizogundua Curie 1898, tuzo ya Nobel ya fizikia 1903 na ya kemia 1911. Ila makofi mengi kachukua mtoto aliyeigiza Newton, tufaha lilimponyoka likabingiria mpaka kwa mwalimu mkuu😂. Mwakani binti anataka kumuigiza Faraday, mwanasayansi wa umeme na sumaku, sumaku na waya kashaanza kusaka.