Mjadala: Je, ni alama zinazomsukuma mwanafunzi wa sekondari kufanya mradi?

Tangu gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu katika mtaala mpya wa umilisi, ianze nchini Kenya Januari 2026, swali la miradi limerudi kwa nguvu, na wengi wanaolijibu wanashikilia kwamba mwanafunzi asipopewa alama hatafanya lolote. Sikubaliani nao, ingawa najua hoja hiyo inatoka wapi.

Waliopitia mfumo wa 8-4-4, uliotangulia mtaala huo, wanaukumbuka mradi wa somo la kilimo katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Maagizo hutoka kwa baraza la mitihani, kazi ikiwa imekwisha kuchaguliwa, na kila tuta husimikwa kibao chenye namba ya mtahiniwa. Katika shule niliyofundisha, matuta hayo yalimwagiliwa maji alfajiri bila kukosa mpaka siku mwalimu alipomaliza kujaza alama za mwisho. Baada ya hapo magugu yalifika magotini, na mboga iliyokuwa tayari kuvunwa ikaliwa na mbuzi wa majirani.

Shuleni humo humo kulikuwa na kundi la kidato cha tatu lililojichagulia tatizo la kushughulikia: maji machafu ya jikoni yaliyokuwa yakituama nyuma ya bweni. Waliyapitisha kwenye pipa lenye kokoto, mchanga na makaa, kisha wakayaelekeza kwenye mchicha. Hakuna aliyewaahidi alama. Walirudi Jumamosi baada ya Jumamosi kwa sababu pipa liliziba kwa mafuta ya vyombo, na kwa sababu mpishi, aliyechoshwa na harufu ile, aliwauliza kila asubuhi wamefikia wapi. Naamini hayo mawili, kuchagua wenyewe na kuwa na mtu anayeyangoja matokeo kwa dhati, yana nguvu kuliko alama yoyote.

Mwalimu Nyerere alilisisitiza jambo hili Machi 1967 katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alipotaka wanafunzi washiriki katika maamuzi ya shamba la shule na waone faida ya jasho lao katika maisha yao wenyewe. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha maamuzi, hata kulima kukageuka adhabu.

Wapo wanaotaja jaribio la mwanasaikolojia wa Marekani Edward Deci la mwaka 1971, ambapo wanafunzi wa chuo waliolipwa kutatua mafumbo walipungukiwa na hamu ya kuyachezea malipo yalipokoma, na wanahitimisha kwamba alama zifutwe kabisa. Hapo nasita. Mafumbo yale yalikuwa yakipendeza tangu mwanzo, ilhali mradi mwingi huanza kwa uchovu na mikono michafu, na alama zinaweza kumfikisha mwanafunzi pale ambapo kazi yenyewe itaanza kumvuta. Basi alama zitolewe kwa kupima sababu alizozitoa za kuchagua tatizo, daftari lake la kumbukumbu, na alichobadilisha baada ya kushindwa. Tukiendelea kupima kifaa kilichokamilika pekee, mzazi mwenye uwezo ataendelea kumlipa fundi akitengeneze, na mtoto atakibeba tu hadi shuleni.

Kwa hiyo nawauliza wanaotaka alama zibaki zilivyo: baada ya fomu za alama kufungwa, ni wanafunzi wangapi mliowaona wakirudi kwenye mradi wao, na waliorudi walikuwa wamechaguliwa kazi hiyo na nani?