Waya za meno: taa nyekundu, taa ya bluu, leza ya kliniki au mashine ya maji?

Kauzibe (mwanzisha mada)
Wakuu, huu ni mwezi wa tano nina waya, juu na chini. Shida zangu ni mbili. Kila nikikazwa, siku mbili za kwanza natafuna kwa ulimi. Ya pili ni fizi za mbele: zimevimba hadi zimeanza kupanda juu ya breketi (vile vipande vilivyogandishwa kwenye jino kushika waya), na nikipiga mswaki natema mate ya pinki.

Nimeona vifaa vya mwanga vya aina tatu: kidude cha kung'ata chenye taa nyekundu, mswaki wenye taa ya bluu, na leza anayopiga daktari mwenyewe. Rafiki yangu anasema niachane na mataa, ninunue mashine ya kurusha maji. Hela yangu inatosha kitu kimoja. Aliyetumia aseme ukweli.

Mtafuna Pole
Hicho kidude cha nyekundu nimekaa nacho miezi sita. Unang'ata, unasubiri dakika zako, mate yanachuruzika hadi kidevuni (hilo kwenye tangazo hawalionyeshi). Maumivu yalipungua, sikatai. Zamani nikikazwa asubuhi, usiku nageuka tu kitandani. Nilipoanza kukitumia nililala. Ila waliniambia na meno yatakwenda mbio, na tarehe ya kutoa waya haikusogea hata wiki. Fizi nazo ziliendelea kuvuja damu.

Koti Jeupe
Nashinda kwenye kiti cha meno kila siku, ngoja nitenganishe haya mambo maana kila kitu kinaitwa "taa".

Nyekundu, pamoja na ile ya nanomita 850 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) ambayo jicho linaiona kwa shida, haiui bakteria. Inapenya kwenye nyama, mitokondria (mitambo ya nguvu ndani ya seli) zinaipokea, seli inapata nguvu na uvimbe unatulia. Leza ya kliniki ni ya ukoo huohuo, tofauti ni kwamba daktari anailenga jino kwa jino na kupima dozi. Habari hii ilianzia Hungaria mwaka 1967, Endre Mester alipowamulika panya walionyolewa kwa leza dhaifu, manyoya yakaota upesi kuliko alivyotarajia. Leo inaheshimika zaidi kwenye vidonda vya mdomoni vya wagonjwa wa saratani. Kwa watu wa waya, mapitio ya 2016 ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba) yalikuta leza huenda ikapunguza maumivu kwa muda mfupi, na ushahidi wenyewe wakauita hafifu.

Sasa piga hesabu, Kauzibe. Maumivu ya kukazwa huanza baada ya saa chache, kilele chake ni kama saa 24, kisha yanashuka yenyewe ndani ya wiki. Utakuwa umenunua kifaa cha siku mbili kila ukikazwa.

Bluu ndiyo inayoua. Baadhi ya bakteria wa fizi hutengeneza rangi iitwayo porfirini. Mwanga wa nanomita 405 hadi 470 ukiigusa, inazaa oksijeni kali inayowachoma kutoka ndani. Maabarani inafanya kazi vizuri. Mdomoni kuna breketi, na mwanga hauingii kivulini. Ukoga wako umejificha wapi? Chini ya waya, na kwenye kile kijia kati ya breketi na ufizi. Palepale penye kivuli.

Mama Pacha
Samahani mwanangu, pacha wangu walipobandikwa breketi walimulikwa taa ya bluu na daktari akashika kioo cha rangi ya chungwa. Ndiyo hiyohiyo? Na mmoja ananisumbua anataka taa ya kung'arisha meno.

Koti Jeupe
Hapana mama. Ile inagandisha gundi ya breketi, kioo ni cha kukinga macho. Hiyo ya kung'arisha mwambie asubiri waya zitoke. Chini ya breketi dawa haifiki, atabaki na miraba ya rangi mbili kwenye kila jino.

Mbishi Kiasi
Mimi ni wa mashine ya maji na sihami. Mabaki ya chakula yanatoka hadi unajionea aibu mbele ya sinki.

Koti Jeupe
Mabaki, sawa. Ukoga unanata, maji peke yake hayaumalizi, unahitaji kusuguliwa. Kile kibrashi chembamba cha kupitisha chini ya waya kinafika ambako taa na maji vinashindwa. Halafu usisahau enameli, lile tabaka gumu la nje la jino: alama nyeupe kuzunguka breketi zinaweza kuonekana ndani ya mwezi mmoja tu wa uchafu, na hakuna taa hapo juu inayorudisha madini. Hiyo ni kazi ya dawa ya meno yenye floraidi, ppm 1,450 (sehemu 1,450 kwa kila milioni) kwa mtu mzima.

Mtafuna Pole
Naunga mkono. Fizi zangu zilipona kwa kibrashi. Klorheksidini, dawa ya kusukutua inayoua bakteria, nayo nilipewa, ilisaidia, ila nilivyoendelea nayo zaidi ya nilivyoambiwa meno yakapata ukahawia na chakula chote kikawa na ladha ya bati.

Kauzibe
Nimerudi. Jana nimetafuna kile kidonge cha rangi kinachoonyesha ukoga, baada ya kupiga mswaki nikijiona msafi. Kila breketi ya mbele ilikuwa na hilali ya zambarau upande wa ufizi, kama mtu kapaka wanja. Kwenye sehemu bapa ya jino, hakuna kitu.

Kwa hiyo taa nimeziweka kando. Nimepanga kusafishwa kliniki, na siku ya kukazwa nitamuuliza daktari kama ana leza ya kunipigia hapohapo, akikosa, parasetamoli. Swali la mwisho: kibrashi nilichonunua kimepinda siku ya kwanza. Nakosea wapi?

Koti Jeupe
Umechukua kinene. Chukua kinachopita bila kusukuma, kiingize kutoka juu kisha kutoka chini, kila upande wa breketi. Kioo na mwanga wa kutosha bafuni. Hiyo taa ninakuruhusu.

Mama Pacha
😂 Na hicho kidonge cha rangi nakitaka, nina midomo miwili ya kukagua.