Mnara wa dhumna wa ghorofa 70 Unguja: mimi nautaka, lakini nani atautunza?

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nimeona nilifungue hapa jambo hili kwa sababu kila likitajwa barazani kwetu linaishia kwenye kelele. Upande mmoja wanasema hizo ni ndoto za mchana. Upande wa pili wanasema anayehoji hataki nchi iende mbele. Mimi siko na hao wala hawa, na nadhani wengi wenu mko kama mimi.

Kwa ambaye hakulifuatilia: mwaka 2021, mwezi wa Agosti ukielekea kwisha, ulitangazwa mpango wa kujenga Unguja mnara wa ghorofa 70 uitwao Domino Commercial Tower. Wenye mradi ni AICL Group, mchoro ni wa xCassia, gharama iliyotajwa ni dola bilioni 1.3. Ndani yake kungekuwa na hoteli, ofisi, nyumba za kuishi, na gati ya boti za matembezi. Umbo lake limetolewa kwenye vipande vya dhumna, mchezo uleule tunaoupiga barazani kila baada ya laasiri. Miaka imepita na mnara hatujauona. Mjadala lakini haukufa, maana mapendekezo ya maghorofa marefu hayakatiki. Mwaka huohuo kule Fumba lilitangazwa Burj Zanzibar, jengo la ghorofa 28, urefu wa mita 96, ambalo sehemu kubwa yake ingekuwa ya mbao.

Suali ninaloliweka mbele yenu: tuutake mnara wa namna hii au tuuache?

Mimi nautaka. Sharti langu ni moja: kabla ya zege la kwanza kumwagwa, tuoneshwe kwa maandishi nani atautunza na kwa fedha zipi, mwaka wa 10, mwaka wa 20, mwaka wa 40 baada ya utepe kukatwa. Mtaniambia hilo ni jambo dogo mbele ya dola bilioni 1.3. Nisikilizeni kwanza.

Nimekulia kwenye majumba ya Michenzani hapa mjini Unguja, ghorofa ya sita. Majumba yale hayana lifti. Maji yakiwa hayapandi, na siku nyingi yalikuwa hayapandi, tuliteka chini kwa madumu ya lita 20. Mpini wa dumu hukata vidole, kwa hivyo mama alituzungushia kitambaa cha khanga iliyochakaa. Kwenye mkondo wa kuelekea ghorofa ya nne kuna ngazi iliyomeguka pembe tangu niko darasa la pili. Mpaka leo mguu wangu unaijua hata gizani, na giza ndilo lililopo, maana taa za ngazini ziliungua zamani. Mama bado anakaa palepale. Magoti yamekwisha, hashuki ila kwa daktari na siku ya Idi. Mchicha na ndizi anavipata kwa kikapu na kamba: muuzaji anaita chini, mama anateremsha kikapu na fedha ndani, kinapanda na mboga. Majirani zake watu wazima wanaishi hivyohivyo.

Sasa kumbukeni majumba yale yalianza vipi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Karume alitaka mtu wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, aliyekuwa akikaa kwenye nyumba ya udongo na makuti apate fleti yenye choo, jiko na umeme. Wajerumani Mashariki wakaleta wataalamu, na mpango wa mji wa 1968 ukachora karibu fleti 7,000 za kuigeuza Ng'ambo nzima. Mitaa ikabomolewa, barabara mbili pana zikakatishana, na majumba yakasimama, mengine yana urefu wa mita 300 hivi kutoka ncha hadi ncha. Karume aliuawa Aprili 1972. Kasi ikapungua, na zilizojengwa hazikufika hata robo ya zile zilizochorwa. Kuta lakini ni imara hadi leo. Kilichotushinda ni pampu, mabomba, taa za ngazini, rangi, matangi ya juu. Mambo ya kila mwezi, yasiyozinduliwa na mtu.

Na si Michenzani peke yake. Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la Forodhani, ilijengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, ikawa jengo refu kuliko yote hapa kwetu, na la kwanza hapa kupata umeme na lifti. Ndiyo iliyokuwa mnara wa dhumna wa karne ile: watu walikuwa wanakuja kuishangaa tu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, mafundi wakiwa wameshaanza kuikarabati kwa msaada wa Omani. Watu wawili walipoteza maisha. Nyufa zilikuwa zinaonekana miaka mingi kabla ya hapo, na kila aliyepita Forodhani alizijua.

Kwa hivyo nikisikia ghorofa 70, sifikirii urefu. Nafikiria kikapu cha mama yangu kikiteremka kwa kamba.

Nije kwenye matumaini, maana yapo na sitaki yapotee kwenye malalamiko. Sensa ya 2012 ilituhesabu 1,303,569. Ya 2022 ikatukuta 1,889,773, na zaidi ya 890,000 kati yetu wamo Mkoa wa Mjini Magharibi. Kisiwa hakiongezeki. Nilipokuwa skuli, ukitoka Mwanakwerekwe kwenda Fuoni ulipita mihogo na minazi. Leo ni nyumba imeegemea nyumba, gari la zimamoto halipiti. Tukiendelea kujenga vibanda vya chini kwa chini tutayamaliza mashamba yote, halafu tutauliza muhogo unatoka wapi. Kujenga kwenda juu hatuna budi nako.

Lakini tusidanganyane: mnara wa hoteli na nyumba za kuuzwa kwa dola hautamhamisha hata mtu mmoja kutoka Jang'ombe. Faida yake iko kwengine. Mpwa wangu alisomea umeme kwenye taasisi ya Karume pale Mbweni. Leo yuko Dubai, anatengeneza lifti. Anapanda kwenye mashimo ya lifti za majengo ya watu usiku kucha, anajua kila waya, na likizo akija hapa hana lifti ya kushika ila za hoteli mbili tatu. Mwaka 2024 tulipokea watalii zaidi ya 700,000, na vijana wetu wengi wanachokipata ni kubeba mizigo na kuhudumu mezani. Jengo kubwa linalotunzwa vizuri ni karakana: mafundi wa pampu, wa viyoyozi, wa vioo, wa moto, maisha yao yote. Hapo ndipo ninapoutaka mnara. Nao mnara usiotunzwa hauajiri mtu, unabaki na walinzi wawili na paka.

Fedha nazo zitazamwe. Dola bilioni 1.3 kwa thamani ya wakati ule ni kama shilingi trilioni 3. Bajeti nzima ya Serikali ya Mapinduzi ya 2021/2022 ilikuwa trilioni 1.8 hivi. Najua fedha za mradi ni za wawekezaji. Ninachosema ni kwamba jengo likikwama nusu njia, hakuna wa hapa nyumbani mwenye uwezo wa kulinasua.

Majirani wetu wameshalionja. Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua pale Upper Hill, Nairobi, mradi wa The Pinnacle, mnara uliotarajiwa kuvuka mita 300. Ukaingia mgogoro wa ardhi, mambo yakafika mahakamani, kazi ikasimama. Upper Hill hiyohiyo ina Britam Tower ya mita 200, iliyokamilika na inafanya kazi. Kwa hivyo anayesema watu wa huku hawawezi kujenga marefu, anakosea. Pale palipokwama, kilichokwama kilikuwa chini, kwenye hati ya kiwanja.

Karibuni, semeni.

Nimerudi. Nimesoma majibu yote, ahsanteni. Nitajibu machache yaliyonigusa.

Kuna ndugu amesema ninamvunjia heshima Mzee Karume kwa kuyasema majumba ya Michenzani. Hapana, kaka. Bibi yangu alipewa fleti ile bure baada ya nyumba yake kubomolewa, na mpaka anakufa alikuwa anaombea dua waliompa. Bafu la ndani kwake lilikuwa jambo la heshima kubwa, na amewalea watoto sita humo. Kwa sababu tuliyathamini ndiyo maana inaniuma kuyaona yanavuja. Waliokuja baadaye, na sisi wakaazi tumo, tulishindwa kukubaliana nani ananunua balbu ya ngazini. Nyumba zilipotolewa hakukuwekwa mfuko wa matengenezo, kila mtu akawa anatazama mlango wake, ngazi ikawa ya hakuna mtu. Haya ninayaleta ili yasirudiwe kwenye jengo lenye ngazi mara kumi ya hizo.

Mwengine, anaonekana ni mhandisi, ameandika kwamba umeme si tatizo kwa sababu kila mnara wa kisasa una jenereta zake. Namheshimu, lakini namuomba akumbuke. Unguja inakunywa umeme kwa waya uliolala chini ya bahari kutoka Bara. Mei 2008 tulikaa gizani mwezi mmoja. Disemba 2009 ukakatika tena, tukakaa mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Nakumbuka bei ya barafu ilivyopanda, wavuvi wakawa wanauza samaki kwa bei yoyote ilimradi wasioze, na mngurumo wa vijenereta Darajani asubuhi mpaka jioni. Waya mpya wa megawati 100 uliwekwa 2013 na hali ni bora sana tangu hapo. Bado ni waya wa baharini. Jenereta ni ya saa chache, kama ni siku basi siku chache. Mtu wa ghorofa ya 50 miezi mitatu ataishi vipi? Maji yanapandishwa kwa umeme, choo kinataka maji, lifti inataka umeme. Mhandisi, kama una jibu la hesabu, jua la paa au betri au vyote, liweke. Nitakuwa wa kwanza kukushukuru, kwa sababu litafaa hata kwa ghorofa saba.

Dada mmoja ameuliza Mji Mkongwe utakuwaje. Mnara ungejengwa mbali, kilomita 15 hivi kutoka huko, kwa hivyo hauingii kwenye mipaka ya urithi wa dunia iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2000. Lakini yeye hakuuliza mipaka. Ameuliza kuhusu anayekuja kwa boti kutoka Dar: leo unaona kwanza ufukwe, halafu Ngome Kongwe, halafu minara ya misikiti na ya kanisa, yote karibu ya kimo kimoja, na hapo ndipo moyo unapokwambia umefika nyumbani. Dada, hili limenikaa kifuani. Faida ya kazi kwa mpwa wangu haifuti unachokisema, na unachokisema hakifuti faida ile. Kama ningelazimishwa kuchagua, ningechagua kazi, na ningechagua nikiwa na huzuni.

Wapo pia waliosema tungoje, mradi umeshajifia. Huenda. Lakini pendekezo jengine litakuja, na tukiwa hatujajua tunachokitaka tutazungumza tena baada ya uzio kuwekwa.

Mwisho ndugu yangu wa Maskati, uliyesema umeweka akiba kwa miaka 11 na unataka kununua fleti huku kwenye majengo haya mapya, unaniuliza utie fedha au usitie. Mimi si wakala wala mwanasheria, nakujibu kama mtoto wa ghorofa ya sita. Zanzibar ina sheria ya kondominiamu tangu 2010, inayomwezesha mtu kumiliki fleti yake ndani ya jengo la wengi, na wenye fleti kuwa na jumuiya yao. Usiridhike na picha za bwawa na machweo. Waombe vitu vinne. Hati ya kiwanja na muda uliobaki kwenye ukodishaji wake, maana ardhi ni ya serikali. Katiba ya jumuiya ya wenye fleti, na inaanza lini kushika mamlaka. Ada ya matunzo ya kila mwezi ni kiasi gani, inaingia akaunti gani, na nani anaweka saini. Halafu mkataba wa lifti: fundi ni nani, yuko kisiwani au anaitwa kutoka Dar, na anatakiwa afike ndani ya saa ngapi.

Waulize hilo la fundi kwa barua, si kwa simu. Wakikujibu, ficha jina lako na lao, uilete barua hapa tuisome pamoja.