Swichi mpya, waya mpya, hela imeenda, kumbe "seva" imejaa watu 20!! Mafundi wa IT Mwanza mnatuonaje?

Wakuu heshima kwenu, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie.

Ofisi yetu iko Kirumba, karibu na mwaloni, tunashughulika na dagaa na sangara, kupokea, kupima, kusafirisha. Mafaili yote yapo kwenye kompyuta moja kule stoo ambayo tunaiita seva. Sasa ni mwezi wa pili huu kila asubuhi vita, ukifika saa moja na nusu folda inafunguka freshi, ukifika saa tatu imekula kwako, inakutolea meseji kwamba ile mashine imeshapokea wa kutosha haichukui tena. Watu wakaanza kuwahi kazini kama wanagombea siti ya daladala ya Igoma. Mayu (mama) wa uhasibu ndo hazimi kompyuta hata akienda kula, anajua akitoka harudi.

Tukaita fundi. Kaja na begi lake, kachomoa waya mmoja nyuma ya swichi (kile kiboksi kinachounganisha kompyuta zote), kaugeuzageuza kwenye mwanga, kasema "bosi hizi waya zenu zimechoka". Akakata vichwa vyote kimoja kimoja akabana vipya, 180,000/=. Siku mbili kimya (zilikuwa Jumamosi na Jumapili, nusu ya watu hawapo, hilo hakulisema). Jumatatu yale yale. Akasema swichi imezidiwa, tukanunua ya poti 24, 380,000/=. Yale yale. Akasema tupandishe kifurushi cha intaneti. Jamani intaneti inahusikaje na folda iliyopo chumba cha pili?? Ping (ukiiuliza seva kama ipo hewani) inajibu, printa inatoa karatasi, na ukiwahi folda inafunguka. Waya gani huo mbovu unaojua saa?

Juzi nikakaa mwenyewe kwenye hiyo seva, nikafungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) kama admin, nikaandika net session, amri ya kuonyesha nani wameunganishwa na seva. Orodha ikashuka, nikahesabu kwa kidole kwenye kioo. 20. Kamili. Kumbe hiyo seva yetu ni Windows 10 Pro ya kawaida tu, na kwa leseni yake inaruhusu mashine 20 kwa wakati mmoja kuchukua mafaili, ya 21 inakaa nje hata iwe ya mkurugenzi, na ndo maana yeye anayeingia saa nne alikuwa anapiga meza kila siku. Sisi desktopu 17, laptopu 3, na skana 2 zinazotupia stakabadhi humo humo kwenye folda, jumlisha. Na wala sio jambo la jana, Windows XP Pro ilikuwa inaishia 10, kwa hiyo mtu aliyekula chumvi kwenye hii kazi alitakiwa kuliwaza kabla hajagusa kisu.

Kwa sasa nimeandika net config server /autodisconnect:5 ili waliokaa bila kufanya kitu watolewe baada ya dakika 5 badala ya 15, ila inasaidia nusu tu maana aliyeacha Excel wazi hahesabiwi kalala.

Nilipompigia fundi, hata pole hakuna, eti "basi nikuwekee Windows Server ya bure". Ya bure ya wapi kaka? Yenyewe inalipiwa, halafu juu yake kuna CAL (leseni ya kila anayeitumia hiyo seva), unanunua kwa kichwa cha mtu au kwa kifaa, na sisi wa zamu ambao watu watatu wanapokezana kompyuta moja ya mizani tungehesabu vifaa ingekuwa nafuu, hilo nalo kakaa kimya. Na ukitaka watu waingie kwa rimoti desktopu (kufanya kazi ndani ya seva wakiwa kwenye kompyuta nyingine) kuna CAL zake tena, usiponunua siku 120 zikiisha mlango unafungwa, tunaanza upya kukatwa waya.

Nataka kujaribu Linux (mfumo wa kuweka badala ya Windows) na Samba (programu yake ya kugawa mafaili) kwenye mashine ile ile, haina huo ukomo wa 20. Mwenye uzoefu nayo na yupo Mwanza aje PM, ila ukianza kuniuliza habari za waya tutagombana.