Mdogo wangu anamaliza hela kwenye mikeka ya kubeti. Nimlipie deni la pikipiki au nimwache?

Dada Mkubwa:
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu ana miaka 22, naishi naye Mbagala. Alipata pikipiki ya mkataba, hesabu 10,000 kwa siku, na alibakiza miezi mitatu tu chombo kiwe chake. Juzi tajiri mwenye pikipiki kaja kukichukua: wiki tatu hajaona hesabu. Kumbe hela yote inaishia kwenye kubeti, na usiku ni kandege, ule mchezo wa kubeti wa kwenye simu. Nilishamkuta saa nane usiku kajifunika shuka, mwanga wa simu unammulika, kidole kinagonga kioo. Nikadhani anachati na mchumba.

Tajiri anasema akilipwa 210,000 atamrudishia. Hela ninayo, ni ya mchezo wa kupeana na wenzangu, zamu yangu imefika. Dogo analia, kaapa kwa kaburi la mama. Nifanyeje?

Dereva wa Temeke:
Pole sana dada. Nimebeti miaka minne, nimeacha. Usimpe mkononi hata mia. Mimi nikipewa hela ya deni, nilikuwa naiona mtaji: nikiizalisha nalipa na chenji inabaki. Haikubaki hata siku moja. Mpelekee tajiri mwenyewe, muandikishane.

Mjomba Kibiti:
Mwache aonje joto ya jiwe. Ukilipa leo, utalipa tena.

Ticha:
Kaa naye mpige hesabu. Mkeka wa timu 10, hata kila timu ingekuwa na nafasi 8 kati ya 10 za kushinda, mkeka mzima kutiki ni kama mara 1 kati ya 10. Vijana wanasema "timu moja imenichania", wanaona ni mkosi. Mkeka mrefu kawaida yake ni kuchanika.

Nesi wa Zamu:
Mjomba, hapo sikubaliani nawe. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa. Dada, Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, mpeleke akaonane na wataalamu. Na msikilize anavyoongea. Akianza kusema heri afe, usimwache peke yake hata dakika moja, mkimbize hospitali.

Dada Mkubwa:
Asanteni, Mungu awabariki. Nimekaa naye mpaka saa tano. Kakubali akaunti za kubeti zifungwe, laini ya pesa kanikabidhi. Kesho naenda kwa tajiri na mjumbe. Ila nilipomuuliza kama anadaiwa kwingine, kainama, kimya. Nitajuaje?

Dereva wa Temeke:
Fungua menyu ya mikopo kwenye hiyo laini, mkiwa wote wawili, deni utaliona. Kisha nenda kijiweni kwake asubuhi kabla hawajatawanyika. Mimi nyumbani nilikuwa nasema nadaiwa 50,000. Kijiweni walikuwa wananidai 300,000.

Dada Mkubwa:
Nitakwenda saa kumi na mbili.